Uchaguzi wa meya umeenda duru ya pili? Soma matokeo hivi kabla hujaanza kupongeza mtu

Kila uchaguzi wa meya ukienda raundi ya pili naona watu wanamshangilia aliyeongoza kana kwamba kashaapishwa. Subirini jamani. Magoli ya hatua ya makundi hayabebwi kwenda fainali, wanaanza sifuri kwa sifuri.

Na tusichanganye mambo, duru ya pili sio uchaguzi wa marudio. Marudio ni pale uchaguzi umefutwa ukafanyika upya, ila hapa raundi ya kwanza ilikuwa halali kabisa, tatizo ni hakuna aliyefikisha kiwango cha kura kinachotakiwa, ndo maana wawili wa juu wanapigiwa kura tena.

Kwa hiyo anza na hicho kiwango. Miji mingi inataka zaidi ya nusu ya kura, Chicago na Atlanta ziko hivyo, lakini sio kote. Bogotá, mji mkuu wa Colombia, mtu akipata asilimia 40 na akamzidi wa pili kwa pointi 10 imeisha, ndo maana 2023 mgombea Carlos Fernando Galán alipita na asilimia 49 bila duru ya pili. Brazil nako ni miji yenye wapiga kura zaidi ya 200,000 tu ndo ina duru ya pili, mingine anayeongoza anachukua hata kwa kura chache.

Sasa sehemu tamu, na hapa ndo wengi wanapopotea. Chukua karatasi, andika asilimia za wale wawili waliobaki, jumlisha, toa kwenye 100. Kinachobaki mi naziita kura yatima, mgombea wao katoka na hazina mwenyewe. Chicago 2023 Paul Vallas aliongoza na kama 33, Brandon Johnson akafuata na karibu 22, meya aliyekuwepo Lori Lightfoot akawa wa tatu na 17 hivi akatupwa nje. Yani kura yatima zilikuwa kama 45, nyingi kuliko za mgombea yeyote! Duru ya pili Vallas akafika 48 hivi, Johnson akafika 52 akashinda. Piga hesabu mwenyewe, yule wa kwanza aliongeza 15 na wa pili akaongeza 30. Atlanta 2021 ilikuwa mbaya zaidi, Felicia Moore alikuwa na karibu 41 dhidi ya 23 za Andre Dickens na bado Dickens akaja kushinda na kama 64.

Kwa hiyo swali sio nani kaongoza, swali ni waliotoka wanafanana na nani kati ya hawa wawili. Angalia walikuwa wanapata kura mitaa gani na walikuwa wanaongelea nini, kodi, polisi, nyumba, usafiri. Akitokea mgombea aliyeshindwa akatangaza kumuunga mkono mmojawapo sawa, ina uzito, ila usiihesabu kama hela iliyoingia benki maana wapiga kura sio mizigo ya kuhamishwa, wengine watasikia wafanye kinyume na wengine watabaki zao nyumbani tu.

Hao wa kubaki nyumbani nao uwahesabu. Atlanta hiyohiyo waliopiga duru ya pili walipungua, Chicago 2023 wakaongezeka kidogo, na Los Angeles 2022 duru ya pili iliangukia Novemba pamoja na uchaguzi mwingine mkubwa kwa hiyo watu walimiminika. Cheki tarehe basi, ikiwa peke yake katikati ya wiki ya kazi mwenye watu wa kuzunguka nyumba kwa nyumba ana faida kubwa kuliko mwenye mabango.

Halafu usilale na matokeo ya usiku wa kwanza. Los Angeles hiyohiyo ya 2022, raundi ya kwanza mwezi Juni, mgombea Rick Caruso alionekana yuko mbele, kura za posta zikaendelea kuhesabiwa siku kadhaa, mwisho mpinzani wake Karen Bass akawa na 43 kwa 36. Na kama nafasi ya pili imebanana ndo kabisa, São Paulo ya Brazil 2024 watatu wa kwanza walipishana chini ya pointi mbili na wa tatu akaenda nyumbani.

Kama we mwenyewe ni mpiga kura na raundi ya kwanza hukwenda, usikate tamaa, sehemu nyingi ukiwa kwenye daftari unaruhusiwa kupiga ya pili. Ila kituo kicheki upya, vinahamishwaga.