Mama kijacho ughaibuni, usijaze kapu la vifaa vya kunyonyesha kabla hujasoma hii

Ukiwa na mimba huku ughaibuni simu yako inajua kabla ya shangazi zako. Unatafuta pedi za maziwa mara moja tu, basi kuanzia hapo ni matangazo asubuhi mpaka usiku, pampu hii, mto ule, mashine ya kupashia chupa, na kwa vile huna mama wala dada pembeni wa kukwambia hicho achana nacho, unajikuta unaagiza tu. Mimi niliagiza. Nusu ya vile vitu vilikaa kwenye boksi mpaka mtoto akaanza kutambaa.

Kabla ya kujifungua nunua vichache. Sidiria mbili tatu za kunyonyeshea, laini, zisizo na waya, pedi za maziwa, vitambaa vya kufutia, na chupa kubwa ya maji ya kunywa wewe mwenyewe maana kiu ya kunyonyesha we acha tu. Sidiria usijaze kabati, maziwa yakishuka siku ya pili mpaka ya tano hivi matiti yanajaa na saizi uliyopima dukani haina maana tena, na ile inayobana inaminya mirija, titi linafanya mabonge. Pedi ziwe za kutupa au za kufua ni wewe tu, ila ikilowa badilisha, chuchu ikikaa na unyevu muda mrefu inachubuka na fangasi wanapata pa kukaa.

Sasa pampu, hapa ndipo hela nyingi zinapotea.

Siku za kwanza huihitaji kivile. Dang'a, yale maziwa ya kwanza kabisa, linatoka kidogo, ni zito, likiingia kwenye pampu linaishia kugandia kwenye plastiki. Mama yangu aliniona kwenye video nimekaa na mashine inavuma huku nalia eti sina maziwa, akaniambia "zima hilo dude mwanangu, leta kijiko". Akanionyesha kwa mkono wake mwenyewe: vidole viwili na dole gumba nyuma kidogo ya ile sehemu nyeusi, unasukuma kwanza kurudi kifuani, ndo unabana, unaachia, unarudia, huvuti chuchu kabisa. Dakika tano nikapata kijiko kizima. Hicho kifaa ni bure na hakina chaja.

Ukirudi kazini au shule, au mtoto akiwa hawezi kunyonya, hapo pampu ni ya lazima. Na kitu cha kuangalia kwanza sio jina la kampuni, ni faneli, kile kikombe kinachokaa kwenye titi. Maboksi mengi yanakuja na milimita 24 na 28 utadhani wanawake wote tumefyatuliwa kiwanda kimoja. Mimi nilikamua wiki tatu kwa 24, chuchu imevimba, inauma, maziwa kiduchu, nikaamini pampu ni mbovu. Siku moja nikachukua rula nikapima upana wa chuchu pale chini inapoanzia, nikapata 16. Nikaagiza faneli ndogo, pampu ni ile ile, maumivu yakaisha na maziwa yakapanda. Kwa hiyo pima. Chuchu iende mbele na nyuma bila kusuguana na kuta, na ile sehemu nyeusi isivutwe yote kuingia ndani. Na pampu ikipungua nguvu ghafla usikimbilie kununua nyingine, angalia kwanza vile vivalvu vya mpira, vinachoka na kuchanika, ni vya kubadilisha tu.

Zile za kuvaa ndani ya sidiria ni raha kwa mwenye shifti ndefu ila huoni chuchu imekaaje, kwa hiyo wengi tunatumia ya kawaida nyumbani na ya kuvaa kazini. Ya mtumba mimi sishauri, nyingi ni za mtu mmoja, maziwa na ukungu vinaweza kuingia kwenye mota mahali ambapo huwezi kuosha. Kama unahitaji yenye nguvu kwa muda tu, kodisha pampu ya hospitali, hizo zimetengenezwa kwa watumiaji wengi, kila mama na vifaa vyake vya juu.

Ukiwa Marekani usitoe hela mfukoni kabla ya kupiga simu bima, plani nyingi sheria inazitaka zilipie pampu. Nchi nyingine muulize mkunga wako. Tena geuza adapta usome maandishi madogo, ikiandikwa 100-240V unaweza kwenda nayo nyumbani, ikiandikwa 120V peke yake ukaichomeka kwenye umeme wa Afrika Mashariki utasikia harufu tu.

Kuhifadhi, mifuko ya maziwa inatosha, weka mililita 60 mpaka 120 kila mmoja ili usimwage mengi, andika tarehe, ilaze igande bapa itapangika kama vitabu. Maziwa mabichi kwenye joto la chumba, nyuzi 25 kushuka chini, ni saa 4, kwenye friji siku 4, kwenye friza miezi 6 hivi ndo bora. Yakishayeyuka usiyagandishe tena, na maikrowevu hapana, inaacha sehemu za moto zinazounguza mdomo wa mtoto. Bakuli la maji ya uvuguvugu linafanya kazi ile ile ya mashine ya kupashia chupa.

Vigamba vya silikoni vya kuvalisha chuchu usinunue kwa kuangalia video, muone kwanza mshauri wa unyonyeshaji, mara nyingi kinachouma ni mtoto hajashika vizuri. Na titi likiwa jekundu, moto, na wewe una homa, hiyo sio ya krimu, nenda kwa daktari, huku mtoto anaendelea kunyonya.

Ukisafiri, viwanja vya ndege vya Marekani wanaruhusu maziwa ya mama kuzidi mililita 100 kwenye begi la mkononi hata kama mtoto hayupo, mwambie tu ofisa kabla hajaanza kupekua. Pampu na chaja yake pia zikae mkononi. Chaja yangu ilienda kwenye mzigo mkubwa, betri ikazima katikati ya safari, nikamalizia kwenye choo cha ndege nakamua kwa mkono juu ya glasi ya plastiki huku watu wanagonga mlango.