Kuchanja mbwa na watoto wake nyumbani: kuchoma ni rahisi, kazi iko kwenye barafu

Mi nafuga mbwa Mbagala, na chanjo ya mchanganyiko nachoma mwenyewe tangu bwana mifugo wa mtaani aliponishika mkono akanifundisha. Naongelea ile ya pavo (virusi vya kuharisha damu), distempa (virusi vinavyoshika mapafu na ubongo), homa ya ini na homa ya mgunda (ndio, hiyohiyo iliyosumbua watu Lindi mwaka 2022, mbwa nao wanaugua). Ya kichaa cha mbwa sichomi, namwachia daktari wa mifugo, ntasema kwa nini.

Hatua ya 1, umri. Anza wiki ya 6 mpaka ya 8, alafu rudia kila baada ya wiki 3 au 4 hadi mtoto afike wiki ya 16. Watu wengi wanachoma moja wanasema tayari. Sasa iko hivi, mtoto akinyonya dang'a anapata kinga ya mama yake, na ile kinga inaizima chanjo ikiingia, alafu yenyewe inaisha taratibu na huwezi kujua kwa nani imeisha lini, ndo maana unarudia. Minyoo mpe dawa wiki moja kabla. Anayeharisha, asiyekula au mwenye homa usimguse, subiri apone.

Hatua ya 2, na hapa ndo watu tunaharibu: kuibeba. Chanjo inataka nyuzi 2 mpaka 8 toka dukani hadi kwako. Mi nilishanunua mchana, nikaitia mfuko wa suruali, daladala, foleni, karibu masaa mawili, nikawachoma watoto watano nikalala usingizi. Mwezi haujaisha pavo ikapita, wakafa wawili. Siwezi kuapa ni joto, ila toka siku ile nabeba chupa ya chai yenye barafu, kichupa nakizungushia gazeti kisigusane nayo maana ikiganda nayo imekufa. Na ukikuta duka friji imezimwa kisa umeme, geuza uondoke. Nyumbani weka katikati ya friji, mlangoni hapana.

Hatua ya 3, kuchanganya. Vichupa viko viwili, kimoja kina kidonge kikavu kimeganda chini, kingine maji. Yale maji usibadilishe na maji ya sindano ya dukani, mara nyingi chanjo ya homa ya mgunda imo humo humo. Vuta maji yote kwa bomba jipya la sindano, choma kwenye kifuniko cha kile kikavu, utaona maji yanavutwa ndani yenyewe, usishtuke, ni dalili nzuri. Zungusha polepole mpaka kiyeyuke, usitikise kama soda. Ukishachanganya choma hapohapo, usiseme ngoja nile kwanza. Na dozi haigawanywi jamani! Kichupa kimoja mbwa mmoja, awe jibwa kubwa la German shepherd au kambwa ka kubeba mkononi.

Hatua ya 4, kuchoma. Mtu mmoja amkumbatie, mpe kitu alambe. Shika ngozi ya nyuma ya shingo, palepale mama yake anapomng'ata akimbeba, inyanyue iwe kama hema, sindano iingie chini ya hema sambamba na mgongo. Vuta bomba kidogo, ukiona damu toa uchome pengine. Kisha sukuma. Papasa manyoya: yakiwa yamelowa ujue ulitokea upande wa pili, chanjo imeenda kwenye manyoya. Yalinikuta sana mwanzoni, na huwezi kukisia kimeingia kiasi gani, inabidi upate kichupa kingine.

Kaa naye angalau nusu saa. Kusinzia siku moja au kauvimbe kama punje ya mahindi ni kawaida. Uso ukivimba, akitapika, ufizi ukawa mweupe au akaanza kuhema vibaya, kimbia kwa daktari, kwa hiyo namba yake uwe nayo KABLA ya kuchoma, na usichome usiku au Jumapili wakati kwake kumefungwa.

Mtoto asitoke getini mpaka wiki 2 baada ya chanjo ya mwisho, pavo inakaa kwenye udongo miezi na miezi. Sakafu ioshe kwanza kwa sabuni, kisha jiki kipimo kimoja kwa maji vipimo thelathini.

Kichaa sasa. Kinachomwa akifika miezi 3, kisha unarudia kila mwaka kwa daktari, kwa sababu mbwa wako akimng'ata mtoto wa jirani kitakachoulizwa ni cheti, na cheti hakiandikwi na wewe. Wasio na hela wasikilizie matangazo ya mtaa karibu na 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, mara nyingi wanachanja bure.

Sindano zilizotumika tia kwenye chupa ngumu ya plastiki ufunge. Stika ya kichupa ibandue, bandika kwenye daftari na tarehe na jina la mbwa.