Kumpeleka ndugu soba hausi: anza na makohozi, pesa baadaye

Kitanda kimoja nimekilipia mara mbili, laki tatu na nusu kila mara, kwa sababu nilianza na pesa. Wewe unayetaka kumpeleka mdogo wako soba, nyumba ya kulala ya wanaoacha unga au pombe, iwe Dar, Bagamoyo au Unguja, soma kabla hujafungua pochi.

Kwanza jiulize kama ni soba kweli unayoihitaji. Kama anatumia unga, yaani heroini, kuna methadoni, dawa mbadala ya kunywa. Muhimbili walianza kuitoa 2011, Mwananyamala na Temeke zikafuata. Dawa ni bure, mtu analala kwao na kwa kawaida kila siku anakwenda kuinywa mbele ya muuguzi. Ila usimpeleke dirishani hivi hivi, mnaweza kurudishwa. Mlango wake wa kawaida ni asasi zinazowafuata vijana maskani. Hao ndio wanaompa rufaa. Soba ni habari nyingine: analala humo humo kwa miezi, hakuna dawa mbadala, ni vikao vya Hatua 12 (mpango wa kuacha ulevi hatua kwa hatua, wenyewe kwa wenyewe) kutwa nzima, na gharama ni ya familia. Aliye kwenye methadoni soba nyingi hazimpokei.

Pili, usajili. Anayezisimamia Bara (Zanzibar ina mamlaka yake) ni Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, ambao kwa lugha yao ya ofisini wanaziita nyumba za upataji nafuu. Piga 119, ni bure, uliza iliyosajiliwa karibu nawe. Halafu nenda mwenyewe ukaione, bila miadi, saa ya chakula cha mchana. Ukikuta mtu kafungwa mnyororo, geuza.

Barua ya serikali ya mtaa, nakala ya NIDA, picha ndogo: hizo unazijua. Wahi tu kabla mtendaji hajaenda "kikaoni".

Sasa vipimo. Mimi niliulizia nafasi kwa simu, nikaambiwa imebaki moja, nikatuma pesa usiku ule ule. Asubuhi tumefika na begi. Mhudumu, kijana mpole aliyekuwa teja zamani, akauliza: "Kaka, majibu ya TB yako wapi?" Wanalala wanane chumba kimoja, hawawezi kumwingiza anayekohoa bila karatasi. Haki yao. Tukaenda zahanati, foleni, kikopo cha makohozi, njoo kesho. Saa sita mchana, jua la Dar, dogo amevaa sweta anatetemeka kwenye benchi, makamasi yanamtoka, anapiga miayo mfululizo. "Bro, nipe buku tu nikanunue maji." Nikampa. Yale maji aliyafuata siku kumi na moja. Niliporudi soba, kitanda kimeshapata mtu, na ile pesa "ilishaingia kwenye mfumo". Mfumo wenyewe daftari la kaunta.

Kwa hiyo: TB, VVU, homa ya ini na mkojo, pima yote wiki moja kabla, akiwa bado anatumia. Ndiyo, akiwa anatumia. Arosto ya unga, yale mateso ya kuukosa, inaanza saa sita hadi kumi na mbili tangu alipopiga mara ya mwisho, siku ya pili na ya tatu ndizo kali, kisha inaachia taratibu. Hakuna aliye arosto atakayekaa foleni ya maabara. Uliza pia kama soba yenyewe ina mtu wa afya wa kumvusha siku hizo. Na kama shida yake ni pombe ya kila siku au valiamu, usimkatishe nyumbani hata kwa dua: hao wanaweza kupata degedege na kufa. Apite hospitali kwanza.

Fomu ya kujiunga anasaini yeye. Mama alikwishashika kalamu, tukamwambia, "Mama, hapa hapana." Wewe unasaini udhamini, na kabla ya kusaini uliza akitoroka pesa inakuwaje, kisha taka risiti yenye mhuri.

Begi: shuka, ndoo, sabuni, ndala. Simu haingii, na wiki za mwanzo hutamwona, hata akikupigia kwa simu ya ofisi akilia kwamba wanamtesa na chakula ni maharage tu. Nenda kathibitishe kwa msimamizi. Kwetu kweli yalikuwa maharage tu.

Mapema ulizia siku ya kutoka: anarudi wapi, nani anampeleka vikaoni. Mwili uliokaa miezi bila unga haubebi tena kiasi cha zamani; wanaorudia kile kile, wengi wanakufa hapo.

Laini yake nilibaki nayo mimi. Wiki ya kwanza nikaiwasha: pusha aliyekuwa akimuuzia alikuwa ametuma ujumbe mara tisa, mmoja wa kumtakia Idi njema.