Kupima joto la anga juu ya ziwa ukiwa ndani ya ndege

Vijana ninaowafundisha vipimo hapa Ilemela, kando ya Ziwa Victoria, hudhani kihisi cha mikrowevu tunachopimia joto hilo kinarusha mawimbi kama rada. Hakirushi kitu. Kinapokea tu mnururisho hafifu unaotoka kwenye oksijeni ya hewa, kati ya gigahezi 50 na 60. Hewa ikipata joto, mnururisho unaongezeka. Na oksijeni ni karibu asilimia 21 ya hewa, iwe Kirumba au Ukerewe, kwa hiyo haikudanganyi.

Chagua masafa (yaani gigahezi, si umbali) mawili au matatu. Karibu na 60, ukiwa chini, kihisi kinaona mita mia chache tu; kwenye 55 kinaona mbali zaidi. Kioo kinachoelekeza macho ya kihisi kikiinama na kuinuka, kila pembe inakuletea kimo chake, juu na chini ya ndege.

Kazi yenyewe iko kwenye urekebishaji. Kihisi hakisomi nyuzi, kinasoma namba. Kwa hiyo kila mzunguko lazima kitazame kibao cheusi ambacho joto lake unalijua, kisha kitazame mbele sawasawa, ambako hewa ina joto lile lile la nje ya ndege. Tuseme kibao kina nyuzi 45, nje ni 5, na namba zimetofautiana 800: basi kila namba 20 ni nyuzi moja. Hesabu ya dukani kabisa! Ila kipimajoto cha nje nacho kisahihishe kwanza, maana kwa mwendo wa kilomita 360 kwa saa hewa inayokigonga hupata karibu nyuzi 5 za ziada. Pua ya ndege nayo ikiinuka, punguza pembe hiyo, la sivyo "mbele" yako imekuwa juu.

Ukivuka ufuo ukiwa chini chini, angalia pembe za chini kwenye masafa yanayoona mbali. Namba zinaweza kuporomoka ghafla. Hewa haijapoa: maji hutoa mnururisho mdogo kuliko nchi kavu, na huakisi anga. Weka alama hapo. Vimo navyo vihesabu kutoka usawa wa ziwa, kama mita 1,134 juu ya bahari.

Kugeuza namba kuwa mchoro wa joto kwa kimo ni kazi ya kompyuta, ikisaidiwa na vipimo vya zamani vya maputo ya hali ya hewa. Ulichopima ndani ya wingu la mvua, futa. Mawingu ya barafu tupu hayasumbui sana.