Njia ya mabasi inayopunguza foleni: namna ya kuipima, kuijenga na kuilinda

Njia moja ya lami yenye upana wa mita 3.5, pale penye taa za barabarani, hupitisha magari madogo 800 hivi kwa saa. Gari dogo mjini hubeba mtu mmoja au wawili, kwa hiyo hapo wamepita watu kama 1,200. Njia hiyohiyo ukiwapa mabasi, basi moja kila dakika likiwa na abiria 80, wanapita watu 4,800. Dereva aliyekwama pembeni anaiona tupu, kumbe inabeba watu mara nne ya njia yake.

Hesabu hiyo ina sharti moja: basi lipite kweli kila dakika. Sharti hilo huvunjwa vituoni na kwenye makutano, mara chache sana katikati ya kipande kilichonyooka. Halmashauri nyingi hubishana kuhusu rangi ya mistari na kingo, ilhali dakika zinaliwa mlangoni mwa basi na kwenye taa nyekundu. Ndiyo maana sehemu hizo mbili tumezipa nafasi kubwa zaidi hapa.

Pima kabla ya kuchora

Simama pale barabara inapobanwa zaidi, Jumanne hadi Alhamisi, shule zikiwa zimefunguliwa. Hesabu kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi, kisha saa 10 jioni hadi saa 2 usiku, kwa vipande vya dakika 15, kila upande wa barabara na karatasi yake. Kuandika idadi ya magari peke yake hakutoshi. Kila basi na daladala lipe alama: lina viti vitupu, viti vimejaa, wachache wamesimama, au wameshonana. Baadaye alama hizo unazigeuza kuwa watu kulingana na ukubwa wa gari. Mezani, mbele ya wanaopinga, ni idadi hii ya watu itakayokutetea.

Wakati huohuo mpandishe mtu ndani ya basi akiwa na saa ya simu na daftari lenye safu tatu: muda wa mwendo, muda wa kusimama kituoni, muda wa kusimama kwenye taa au foleni. Safari chache za asubuhi na chache za jioni zitakuonyesha ugonjwa uko wapi. Safu ya kituoni ikiwa ndefu kuliko zote, kutenga njia hakutasaidia sana mpaka ubadili namna ya kulipa nauli na idadi ya milango. Muda ukiwa unapotea kwenye makutano mawili matatu tu, huhitaji kujenga kilomita 20. Anza na vipande vifupi vya kuingilia kwenye taa hizo.

Kipande kifupi kina kanuni moja: kianze nyuma ya mkia wa foleni ndefu kuliko zote. Pima mkia huo kwa miguu foleni inapokuwa imefika kileleni. Ukiwa mita 180 na wewe ukachora njia ya mita 100, basi litakwama mita 80 kabla ya kuifikia, na fedha yako itakuwa imepotea.

Katikati au pembeni

Njia ya pembeni, upande wa kushoto kwa nchi zetu, ni rahisi kuanzisha. Lakini huko ndiko kuna malango ya maduka, magari yanayoshusha mizigo, bajaji na bodaboda zinazosubiri abiria, daladala zinazochomekea, na kila gari linalotaka kukunja kushoto. Ichague pale ambapo malango ni machache, au unapotaka kipande kifupi cha kwenye taa.

Barabara kuu yenye biashara pande zote mbili inadai njia ya katikati. Dar es Salaam ilifanya hivyo kwenye Barabara ya Morogoro: awamu ya kwanza ya mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka, kilomita 20.9, ilianza kubeba abiria Mei 2016, mabasi yakipita katikati na vituo vikiwa kati ya njia mbili. Kati ya vituo unahitaji mita 7 za njia na nusu mita ya kingo kila upande, jumla mita 8. Kwenye kituo chenye njia ya kupitana pande zote mbili ni njia nne, yaani mita 14, jukwaa la mita 5 na kingo za mita 1: jumla mita 20. Mahali pa kutafuta mita 20 ni hapo kituoni, wala si barabara nzima, kwa hiyo vituo vipangwe palipo na nafasi kabla ya kuhesabu nyumba za kubomoa.

Barabara ikibana mno, usiutupe mpango mzima. Lagos ilifungua njia yake ya kilomita 22 kutoka Mile 12 hadi CMS mwezi Machi 2008 ikiwa na kingo za zege kwa takriban asilimia 65 tu ya urefu wake. Kwingineko ni mistari, na penye ufinyu mabasi yanachanganyika na magari mengine.

Kituo ndicho kinachoamua

Chukua kituo chenye sehemu moja ya kusimama. Tangu basi linapoingia hadi nafasi iwe wazi tena, tuseme ni sekunde 30. Saa moja ina sekunde 3,600, kwa hiyo kwenye karatasi yangepita mabasi 120. Lakini mabasi hayaji kwa kupangana. Huja mawili kwa pamoja, kisha pakakaa kimya. Ukijaza kituo zaidi ya asilimia 40 ya muda wake, mabasi yanaanza kupanga foleni nyuma yake. Asilimia 40 ya 120 ni mabasi 48. Lengo letu lilikuwa 60. Kituo hiki kimeshindwa, hata kama njia yote imejengwa kwa zege safi.

Kuna dawa mbili. Ya kwanza ni kupunguza sekunde. Abiria 20 wakipanda kwa mlango mmoja huku kila mmoja akimlipa kondakta, na kila mmoja akachukua sekunde 4, hizo ni sekunde 80. Abiria haohao wakiwa wamelipa getini kabla ya kuingia jukwaani, basi likiwa na milango mitatu ambayo kila mmoja unapitisha watu wawili sambamba, na jukwaa likiwa usawa wa sakafu ya basi, wanamalizika kwa sekunde 8. Ongeza sekunde 5 za kufungua na kufunga milango, na 10 za kuingia na kutoka kituoni: 23. Kwa sekunde 24 kituo kinapitisha mabasi 60 kamili. Kwa hiyo geti la kadi si pambo. Likiharibika, na nauli ikakusanywa kwa mkono kwenye dirisha moja, msongamano unahamia nje ya kituo, na watu wanaingia kwa mafungu makubwa ambayo milango haiyamudu.

Usawa wa jukwaa una adui wake, naye ni dereva anayesimama mbali. Pengo kati ya sakafu na jukwaa likizidi sentimita 10 hivi, kila abiria anatazama chini kabla ya kukanyaga, na mwenye kiti cha magurudumu hapiti kabisa. Chora mstari wa kumwongoza dereva, uweke ukingo ambao tairi linaweza kuugusa bila kuharibika, kisha wafundishe madereva kuukaribia polepole. Bila mafunzo wataogopa kuharibu tairi na watakaa mbali.

Dawa ya pili ni sehemu mbili za kusimama pamoja na njia ya kupitana, ili basi la nyuma lichomoke bila kulisubiri la mbele, na mabasi ya moja kwa moja yavipite vituo vidogo. TransMilenio, mfumo wa mabasi wa Bogotá nchini Kolombia ulioanza Desemba 2000, unapitisha watu zaidi ya 40,000 kwa saa kwa upande mmoja kwa sababu vituo vyake vina njia mbili kila upande. Mji wa kwetu hauhitaji idadi hiyo kesho asubuhi, lakini nafasi ya kupitana usipoiacha sasa, baadaye utavunja kituo ili uipate.

Umbali wa mita 450 hivi kati ya kituo na kituo unafaa penye watu wengi. Kituo kikae walau mita 40 kutoka kwenye taa, la sivyo basi lililozuiwa na taa nyekundu litaziba sehemu ya kusimama. Halafu abiria afike kituoni akiwa hai: kivuko cha pundamilia chenye taa na mahali pa kupumzikia katikati. Daraja refu la ngazi hukwepwa na mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo kichwani, naye atavuka chini pasipo na kivuko.

Makutano: punguza zamu za taa

Mabasi yakipita katikati, gari linalokunja kulia linakata mbele yake. Ukiruhusu kila upande ukunje kulia, taa zinahitaji zamu nne. Tuseme mzunguko mzima wa taa ni sekunde 120 na basi linapata kijani sekunde 30. Basi linalofika wakati wowote litasubiri kwa wastani sekunde 34. Ukizuia kukunja kulia zinabaki zamu mbili. Mzunguko unashuka hadi sekunde 80, nyekundu ya basi inakuwa 45, na wastani wa kusubiri ni sekunde 13. Magari madogo nayo yananufaika, maana muda wa kijani wa kwenda moja kwa moja unaongezeka.

Wanaotaka kulia waelekezwe kupita makutano, kisha wakunje kushoto mara tatu kuzunguka mtaa, au wageuze mbele palipotengwa. Chunguza kwanza kama mitaa hiyo ya ndani ina lami na mtaro; ukiyatupa malori kwenye mtaa wa vumbi, wakazi wataifunga njia kwa mawe, na watakuwa na haki. Kipilefti chenye foleni kibadilishwe kuwa makutano ya taa, au mabasi yakatize katikati yake kwa taa.

Askari wa usalama barabarani akishika makutano kwa mkono, faida hiyo yote inaweza kuyeyuka. Akiuachia upande mmoja dakika tano, mabasi matano yanarundikana upande wa pili na kufika kituoni kwa mkupuo. Kubalianeni mapema kwamba taa zikifanya kazi zinaachwa zifanye, na pakihitajika mkono, zamu zisizidi dakika mbili.

Sekunde hizo ni mabasi

Njia ya kilomita 15, kwenda na kurudi 30, kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa ni dakika 90; ongeza 10 za kupumzika, jumla 100. Basi kila dakika linadai mabasi 100, na ya akiba 10. Mwendo ukishuka hadi kilomita 12 kwa saa, safari inakuwa dakika 160 na unahitaji mabasi 160 kutoa huduma ileile. Sekunde 21 ulizookoa kwenye kila taa, kwa makutano 12 kwenda na 12 kurudi, ni dakika 8 na ushee, yaani mabasi 8 ambayo huyanunui.

Usifungue njia kabla mabasi hayajatosha. Nairobi ilichora mstari mwekundu wa njia ya mabasi kwenye Barabara ya Thika mwaka 2019, kabla ya kuwepo mabasi wala vituo vyake, na magari ya kawaida yakaendelea kupita humo. Dar es Salaam nayo imeona upungufu wa mabasi ukiwajaza abiria vituoni huku njia ikiwa wazi mbele yao, na njia iliyo wazi hivyo huwaita bodaboda na wenye magari kuingia. Madereva na makondakta wa daladala wapangiwe njia za kuleta abiria vituoni, kwa mikataba iliyosainiwa kabla ya siku ya kuanza.

Kingo, zege na maji

Rangi peke yake hailindi njia ila pawe na kamera na faini inayolipwa kweli. Weka kingo fupi za zege ambazo basi lililozibiwa njia linaweza kuzipanda likatoka, zikiwa na mapengo ya maji. Gari la wagonjwa na la zimamoto liruhusiwe, kwa maandishi. Orodha hiyo ikianza kuongezewa magari ya wakubwa, itaendelea kurefuka. Gari la kuvuta mabasi mabovu likae karibu na katikati ya njia, maana basi moja likizima penye njia moja linasimamisha yote.

Penye vituo na taa tumia zege. Mabasi mazito yakifunga breki mahali palepale kutwa, lami inabonyea, maji yanatuama, kisha inapasuka. Hata zege halina maana juu ya msingi dhaifu: Bogotá ililazimika kubadilisha mabamba mengi ya zege ya barabara ya Autopista Norte yaliyopasuka mapema kwa sababu tabaka la chini halikuhimili. Karakana nayo isijengwe bondeni. Pale Jangwani, Dar es Salaam, Mto Msimbazi umefurika mara kadhaa, ukafunga Barabara ya Morogoro na kuyafikia mabasi yaliyoegeshwa karakanani.

Njia ikishafunguliwa, rudia kipimo kilekile cha safu tatu kwa siku zilezile za wiki, mwezi wa kwanza na wa sita. Foleni ya magari madogo huenda isipungue mwanzoni; kinachotakiwa kupanda ni idadi ya watu wanaopita. Isipopanda, angalia safu ya kituoni kwanza, kisha ya taa, kabla hujagusa kingo.