Usiifunike terazo kwa vigae

Kama umerithi au umenunua nyumba ya zamani yenye sakafu ya terazo, tafadhali usikimbilie kuifunika kwa vigae. Ile sakafu ya vijiwe vya marumaru ndani ya saruji, ambayo wengi tuliiona ni ya hospitali na ofisi za serikali, imerudi kwa kishindo, na kumwaga mpya leo ni gharama kubwa.

Huenda yako imefifia tu. Osha kipande kidogo pembeni kwa maji na sabuni, kisha kitazame kikiwa bado kimelowa: rangi unazoziona hapo ndizo zitakazojitokeza ikisuguliwa. Tafuta fundi mwenye mashine ya kusugulia kwa maji. Ataanza na jiwe la kukwaruza, amalizie na laini, na nyufa azibe kwa saruji ya rangi ileile.

Baada ya hapo limau, siki na dawa kali za chooni zisiiguse kabisa! Asidi hula marumaru na saruji, mng'ao wote ukaisha. Maji na sabuni kidogo yanatosha. Na ukitandika mkeka wa ukindu, zulia la nini tena?