SOMO: Kubakapu laptopu nzima (faili na Windows) na kuirudisha ikifa

Wakuu, habari za saa hizi. Kila wiki napokea ujumbe uleule: "Laptopu imegoma kuwaka, kazi zangu zote zimo humo, nisaidie." Nimejibu mmoja mmoja hadi nimechoka, na mara nyingi jibu langu linafika wakati hakuna tena cha kuokoa. Naandika yote hapa mara moja. Atakayeniuliza tena nitamwelekeza hapa.

Kwanza tofautisha vitu viwili. Faili zako, yaani picha, nyaraka na video, unazinakili tu, nazo zinafunguka kwenye kompyuta yoyote. Mfumo ni jambo jingine: Windows yenyewe, programu ulizoinstoli, driva, mipangilio. Huo hauhamishiki kwa kukopi na kupesti. Unapigwa imeji, yaani nakala ya diski nzima kama ilivyo. Mwenye faili peke yake ataanza kuinstoli kila kitu upya. Mwenye imeji peke yake, imeji hiyo ikiharibika, anaweza kukosa vyote kwa mpigo. Fanya zote mbili.

Mahitaji: diski ya nje yenye nafasi angalau mara mbili ya data iliyomo kwenye laptopu, flashi ya GB 4 au zaidi isiyo na kitu muhimu, na chaja ikiwa imechomekwa muda wote.

Hatua ya 1. Andaa diski ya nje. Ifomati kwa NTFS, mpangilio wa Windows wa kuhifadhi faili (kufomati kunafuta kila kitu kilichomo). Usiiache kwenye FAT32, kwa sababu FAT32 haipokei faili moja inayofikia GB 4. Ipe jina linaloeleweka, mfano BAKAPU_A.

Hatua ya 2. Tafuta ufunguo wa BitLocker, yaani ulinzi wa Windows unaofunga data ya diski isisomeke bila ufunguo. Laptopu nyingi zenye Windows 11 hufungwa kwa ufunguo huu zenyewe pale unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na mwenyewe huna habari. Siku ukibadilisha kifaa ndani au mfumo ukigoma, skrini ya bluu inakudai tarakimu 48. Huna, huingii, na hakuna fundi wa kukusaidia. Ingia account.microsoft.com/devices/recoverykey, uziandike kwenye karatasi. Kuzihifadhi ndani ya laptopu hiyohiyo hakukusaidii kitu.

Jambo la pili hapohapo: diski iliyofungwa kwa BitLocker haisomeki kutoka nje, kwa hiyo imeji yake itachukua ukubwa wa diski nzima hata kama umetumia robo tu. Ukitaka imeji ndogo, zima BitLocker kabisa kwenye mipangilio, subiri imalize kufungua data, kisha endelea. Kuisitisha kwa muda hakutoshi. Ukishamaliza, iwashe tena.

Hatua ya 3. Nakili faili. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika hivi; robocopy ni amri ya Windows ya kunakili (badilisha jina na herufi ya diski):

robocopy C:\Users\JinaLako E:\Faili /E /XJ /R:1 /W:1 /LOG:E:\ripoti.txt

/E inachukua folda zote za ndani. /XJ inaruka njia za mkato za mfumo ambazo zingeifanya izunguke humohumo bila kutoka. /R:1 na /W:1 usiziache: bila hizo, robocopy ikikutana na faili iliyogoma inarudia mara milioni 1, na kila mara inasubiri sekunde 30. Kuna watu wameacha laptopu usiku kucha wakaamka imesimama kwenye faili moja.

Usitumie /MIR kama hujui inachofanya. Inaifanya diski ya pili ifanane na ya kwanza, maana yake inafuta kule kila ambacho huku hakipo. Ukikosea mpangilio wa pande mbili, folda tupu inaifuta iliyojaa.

Na kama unatumia OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, angalia alama ya wingu pembeni ya faili. Yenye wingu haimo kwenye laptopu yako, limo jina lake tu. Ibofye kitufe cha kulia, chagua ikae kwenye kifaa daima, ndipo unakili.

Hatua ya 4. Pakua Rescuezilla, programu ya kupiga na kurudisha imeji (ni ya bure), na uiandike kwenye flashi kwa Rufus au balenaEtcher, programu za kuandaa flashi ya kuwashia kompyuta (zinafuta kilichomo kwenye flashi).

Hatua ya 5. Zima laptopu huku umeshikilia Shift ili izimike kikamilifu. Ikizimwa kawaida, Windows huacha diski nusu imelala na imeji inaweza kukataa. Washa ukibonyeza kitufe cha kuchagua pa kubuti, yaani kompyuta iwakie wapi; chagua flashi: Dell na Lenovo mara nyingi ni F12, HP ni F9.

Hatua ya 6. Chagua "Backup", kisha diski ya ndani, partisheni (vigawanyo vya diski) zote, kisha BAKAPU_A kama mahali pa kuweka. Ondoka, fanya shughuli nyingine. Ikimaliza, usizime: rudi mwanzo, chagua "Verify Image" ili ihakiki kama imeji inasomeka yote.

Hatua ya 7. Kurudisha. Hapa soma polepole, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu.

Diski ya laptopu ilikufa, nikafunga mpya ya TB 1. Nilichomeka diski ya nje yenye imeji, na kwa kuwa nilitaka kurudisha picha za familia palepale, nikachomeka na diski ya pili ya nje, nayo ya TB 1. Picha zile sikuwa nimeziwekea nakala pengine popote. Ilikuwa saa saba usiku. Rescuezilla ikaniuliza niandike wapi, nikaona diski mbili zenye ukubwa uleule, sda na sdb. Nikasema moyoni ya ndani lazima iwe ya kwanza. Nikathibitisha. Mstari ulipofika asilimia 9 nikaona taa ya diski ya picha inapepesa, wakati kwa mpango wangu ilitakiwa itulie kabisa. Nikachomoa waya, lakini orodha ya faili zake ilikuwa imeshafunikwa na data ya imeji. PhotoRec, programu ya kurejesha faili zilizopotea, ilinirudishia sehemu, zikiwa na majina kama f0482113.jpg, bila folda wala mpangilio. Picha ya marehemu baba akiwa ameketi barazani ilirudi nusu: uso upo, kuanzia kifuani kwenda chini ni kijivu kitupu. Ninayo hivyo hadi leo.

Kwa hiyo:

Chomoa kila diski isiyohusika na kazi hiyo. Ibaki ya ndani, yenye imeji, na flashi. Hili peke yake lingeniokoa.

Usitegemee herufi. Ukibuti kwa flashi hakuna C wala D. Utaona majina kama sda, sdb, au nvme0n1 kwa diski za kisasa za ndani, na sda na sdb zinaweza kubadilishana nafasi kila unapowasha. Soma modeli ya diski. Iandike kwenye karatasi kabla hujaanza, ulinganishe neno kwa neno.

Kumbuka kurudisha imeji kunafuta chote kilichomo kwenye diski inayoandikwa. Na kama umechoka, lala. Diski itakusubiri.

Hatua ya 8. Chomoa BAKAPU_A, uiweke mbali na laptopu. Kirusi kinachofunga faili na kudai fidia hufunga na diski iliyochomekwa. Diski ya pili ya bakapu, kama unaweza, ikae nyumba nyingine kabisa.

Mara moja kila miezi michache fungua faili tatu nne kutoka kwenye bakapu, kwenye kompyuta nyingine. Zikifunguka, una bakapu.

MASWALI

Swali: Mkuu nina flashi ya GB 8, inatosha kubakapu laptopu nzima?

Jibu: Haitoshi. Soma sehemu ya mahitaji.

Swali: Mimi vitu vyangu vyote viko OneDrive, haya mengine ya nini?

Jibu: OneDrive inasawazisha. Ukifuta huku, inafuta na kule. Faili ikiharibika huku, inapanda ikiwa imeharibika. Kwa akaunti ya mtu binafsi, kilichofutwa kinakaa kwenye pipa siku 30 halafu kinaondoka. Itumie, ni nzuri laptopu ikiibiwa, lakini isiwe peke yake. Na haibebi programu zako wala Windows.

Swali: Kwa nini unatuzungusha na maflashi wakati Windows ina imeji yake ndani ya Control Panel?

Jibu: Sijamzungusha mtu. Ile imo kwenye Windows toka zamani, na Microsoft walitangaza 2017 kwamba hawaiendelezi tena. Bado inafanya kazi. Ukiitumia, usibadilishe jina la folda ya WindowsImageBackup wala usiiingize ndani ya folda nyingine, la sivyo siku ya kurudisha haitaiona. Nimewaona waliofika hapo wakidhani bakapu imepotea, kumbe wameihamisha tu. Ndiyo maana nafundisha ninayoiamini.

Swali: Nimefuta folda ya picha bahati mbaya, nimeshainstoli programu tatu za kurejesha zote hazioni kitu. Nifanyeje? Haraka tafadhali.

Jibu: Acha kuinstoli. Umeziweka kwenye diski ileile iliyokuwa na picha?

Swali (huyohuyo): Ndiyo, ni diski moja tu. Ni SSD.

Jibu: Kila ulichoinstoli kinaweza kuwa kimekaa juu ya picha zako. Na SSD, yaani diski isiyo na sahani inayozunguka, ina amri inaitwa TRIM: ukifuta faili, Windows inaiambia diski nafasi ile haina kazi, nayo inaisafisha yenyewe kimyakimya. Kwenye diski za zamani za sahani tungekuwa na matumaini zaidi. Zima laptopu. Kabla ya lolote, angalia simu, barua pepe, na WhatsApp za wale uliowatumia picha hizo. Nakwambia kwa uzoefu, humo ndimo nilimopata nyingi za kwangu.

Swali: Asante kwa somo. Diski yangu ni TB 1 ya sahani, nataka kuhamia SSD ya GB 500. Data ni GB 140 tu. Imeji itakubali kurudi kwenye diski ndogo?

Jibu: Swali zuri, na sikuligusa juu. Kwa kawaida haitakubali, kwa sababu imeji inabeba pia ramani ya partisheni, na ramani hiyo inasema diski ina TB 1. Fanya hivi kabla ya kupiga imeji. Hakikisha faili umeshazinakili kwa hatua ya 3. Andika powercfg /h off kwenye dirisha la amri lililofunguliwa kama msimamizi, ili faili kubwa la usingizi (hibernation) liondoke. Kisha ndani ya Windows punguza partisheni ya C hadi kama GB 300. Halafu angalia mwisho wa diski: mara nyingi kuna kipartisheni kidogo cha uokoaji kimekaa kule mbali. Kikibaki kule, bado diski itahesabika kubwa. Flashi ya Rescuezilla ina GParted, programu ya kupanga partisheni, ndani yake. Itumie kukisogeza kije kugusana na C. Ndipo upige imeji. Ukisharudisha kwenye SSD, tanua C ijaze nafasi iliyobaki. Diski ya zamani usiifute mpaka umetumia mpya wiki kadhaa.

Mdau mwingine: Naongezea hapo kwenye kuchanganya diski. Mimi nimebandika utepe mwekundu kwenye diski ya bakapu na kuandika kwa kalamu modeli na tarehe. Mwekundu haiguswi.

Jibu: Naichukua hiyo, shukrani. Nami naongeza: SSD si mahali pa kuhifadhi kitu kikakae kabatini miaka bila umeme, chaji ya ndani hupungua taratibu. Kwa kabatini tumia ya sahani.

Swali: Diski ya nje inalia tik tik tik halafu inapotea. Niendeshe chkdsk?

Jibu: Hapana! Chkdsk, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, inaisukuma diski inayokufa isome na kuandika kila kona. Ichomoe sasa hivi. Kama data ni ya lazima, ipeleke kwa mtaalamu wa kuokoa data bila kuijaribujaribu. Kama si ya lazima, tafuta ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, inachota kwanza sehemu nzima na kuacha mbovu za mwisho.

Swali: Na sisi wa Mac?

Jibu: Time Machine, programu ya bakapu iliyomo ndani ya Mac. Chomeka diski, iruhusu, basi. Inatunza nakala za kila saa kwa saa 24 zilizopita, za kila siku kwa mwezi uliopita, na za kila wiki kwa miezi ya nyuma kadiri nafasi inavyoruhusu. Kuchomoa na kuweka mbali kunawahusu nanyi.

Swali: Nimefuata hatua ya 3. Mwisho wa ripoti.txt imeandika FAILED 3. Nilitaka kupuuza lakini nikaona niulize kwanza.

Jibu: Umefanya vyema sana, wengi hata hawaifungui ripoti. Tafuta neno ERROR humo ndani. Ukiona ERROR 32, maana yake faili ilikuwa inatumika na programu nyingine wakati huo. Ni faili zipi?

Swali (huyohuyo): NTUSER.DAT, UsrClass.dat, na nyingine inaishia na .pst

Jibu: Mbili za kwanza ziache, ni za Windows yenyewe na huwa wazi muda wote ukiwa umeingia, imeji ya hatua ya 6 itazibeba. Ya .pst ni barua pepe zako zote za Outlook. Funga Outlook, rudia amri ileile. Itaruka zilizokwisha kunakiliwa na kuichukua hiyo iliyobaki. Kisha nitumie mstari wa FAILED nione.